Walimtafutia Mshambuliaji Nyumba, Nayo Ilikuwa Yangu

Kabla hatujamwona, mshambuliaji wetu mpya alikuwa tayari amevunja mwamba wa goli mara mbili. Asubuhi aliuvunja kwa mdomo wa muuza samaki, na alasiri kwa mdomo wa fundi cherehani aliyeapa kwamba shemeji yake alikuwapo. Kufika magharibi, kipa mmoja wa Mutsamudu, mji wa kisiwa cha pili alikotoka, alikuwa amelazwa hospitali na mkono kwenye plasta. Mimi nilikuwa nikipita sokoni na kurudi, nikisikiliza huku na kule, na ingawa nilijua ni uongo, moyo ulinidunda. Nilikuwa shabiki kama wao.

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru na hapa Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu, hakuna aliyetulia. Wafaransa walikuwa wameondoka na funguo zao. Ofisi nilimokuwa nikipiga chapa ilifungwa, na mihuri wakakabidhiwa wanafunzi wa sekondari ambao ndevu zilikuwa bado zinafikiria kuota. Kila asubuhi redio ilitoa amri mpya, na kila jioni watu walibishana kama wameisikia vizuri. Sikuwa na kazi, sikuwa na shule, nikawa natembea tu. Mama yangu, ambaye alizaliwa Unguja na kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili, aliniambia nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Klabu ya mtaa wetu nayo ilikuwa taabani. Mshambuliaji wetu wa zamani alipanda ndege na tajiri wake Mfaransa, akaenda kumpikia hukohuko kwao, na tangu siku ile tulikuwa tukifunga kwa penalti tu, tena marefa wakituonea huruma. Wenzetu wa mtaa wa pili walikuwa wakipita mbele ya nyumba zetu wakiuliza kwa adabu kama tumeona goli limepotea mahali.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Alikuwa amefanya anda, ile harusi kubwa ambayo kwetu ndiyo inayomfanya mwanamume awe mtu kamili wa mji. Ng'ombe walichinjwa, dhahabu ikatolewa, mchele ukaliwa na mji mzima. Tangu hapo alikaa mstari wa mbele bangweni, kwenye baraza la mji, na akikohoa tu watu walinyamaza. Mapinduzi yakafuta hayo yote. Anda ikapigwa marufuku, mstari wa mbele ukakaliwa na vijana wa kamati, na mjomba akabakia na kofia yake iliyodariziwa na klabu isiyofunga magoli. Nilimpenda sana mjomba wangu. Baba alikuwa amefariki na yeye ndiye aliyenilea, na kumwona anakaa nyuma karibu na wacheza karata kuliniuma.

Sasa, mchezaji utamshikaje kama huna mshahara wa kumpa? Kwetu si karatasi inayomfunga mtu mahali. Kwetu mwanamume akioa huhamia kwa mke. Nyumba ni ya mwanamke, hujengewa tangu mdogo, na mume huja na sanduku lake. Kwa hiyo klabu zetu zote zilisajili kwa kuozesha. Winga wetu wa kulia alitoka Vuvuni; tulimpa binti wa mwashi, akawa wetu. Beki wa kati vivyo hivyo. Mtu akishakula kwa mama mkwe wa mtaani kwetu, atathubutu vipi kuchezea mtaa mwingine?

Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza wa kike, na nyumba yangu ilikuwa imekwisha kujengwa. Vyumba viwili na sebule, mawe matupu, mlango wa mbao ambao haujapakwa rangi. Mama alikuwa akiniwekea dhahabu kipande kwa kipande kwa ajili ya anda, na hata baada ya amri aliendelea kuiweka kwa ukaidi tu.

Asubuhi moja nilipofika pale kufagia nikakuta mashabiki wamejaa. Mmoja yuko juu ya ngazi na ndoo ya chokaa, wengine wanapaka kuta, na fundi cherehani amepiga magoti anapaka mlango wangu rangi ya kijani. Kijani ndiyo rangi ya klabu yetu.

"Kwezi, bibi harusi!" akaniamkia, na wote wakacheka.

Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya ndoa yangu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Hata salamu niliimeza nusu. Mama alikuwa amekwishatangulia na sauti yake ilisikika kutoka njiani.

"Mtoto wa kwanza hatolewi kwa mpira!" alisema. "Tena kwa mtu wa kisiwa kingine, kwa chai na mandazi!"

"Anda haipo tena, dada," mjomba alijibu taratibu. "Wataka akae mpaka lini? Siku hizi harusi ni fatiha tu, hata mwenyewe akiwa amevaa raba."

Wakanitazama. Ningesema sitaki, lakini si ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yananivuma, na bado kitu kimoja ndani yangu kilikuwa kinataka kujua kama huyo mtu kweli anapiga kwa mguu wa kushoto.

"Mnaenda kumchukua, sivyo?" nikasema. "Basi na mimi naenda. Nikamwone akicheza."

Tulikwenda kwa boti la mizigo, mjomba, wazee wawili wa klabu na mimi, tukitapika kwa zamu. Mutsamudu walikuwa wamekwishajua tumefuata nini. Vichochoro vyao ni vyembamba, watu wawili hawapishani bila kuombana radhi, na hakuna aliyetuomba radhi. Wanawake waliojifunga shiromani zao nyekundu walitutazama kutoka milangoni tukipita. Karibu na msikiti dirisha la juu lilifunguka, na maji ya kuoshea samaki yakamwagikia kofia ya mjomba. Aliivua, akaikung'uta, akaivaa tena. Mimi nilisema maneno mengi, na ingawa lahaja yao si yetu, nadhani walinielewa.

Jioni ile mshambuliaji alicheza. Hakuvunja mwamba. Alikuwa mwembamba, mabega ya kawaida, na kwa muda mrefu alionekana kama mtu aliyepotea njia. Halafu mpira ukamjia akiwa ameupa mgongo mlango wa goli, akaacha umpite katikati ya miguu, akageuka, na beki wa wapinzani akabaki ameikumbatia hewa. Goli. Niliruka juu na kupiga ukelele katikati ya watu wa Mutsamudu ambao walikuwa wanalia, maana walijua wanamwona mara ya mwisho. Mjomba akanitazama na kutabasamu, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Usiku aliitwa nyumbani kwa mwenyeji wetu, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa mjane, ambaye alikaa katikati yetu akichambua mchele ili watu wasije wakasema. Mshambuliaji alikuwa kijana wa miaka yangu. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya langilangi mpaka mwenye kiwanda alipoondoka, na nguo zake zilikuwa bado zinanukia maua.

"Umeambiwa nini kuhusu Moroni?" nikamwuliza.

"Nimeambiwa kuna nyumba."

"Na nyumba ina nini ndani?"

Alifikiri kidogo. "Niliambiwa imepakwa chokaa."

Mwenyeji akacheka mpaka punje zikamwagika. Mimi nilicheka pia, sikuweza kujizuia. Nikamwambia krosi ya pili aliichelewea kwa sababu anatazama mpira badala ya kumtazama winga. Akakaa sawa, akaniambia ni kweli, hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Tukaongea juu ya krosi, juu ya kona, juu ya kipa wetu anayeogopa mipira ya chini. Ningeweza kuongea naye mpaka alfajiri. Nilimpenda, nasema wazi. Na katika mazungumzo yote yale nilikuwa nikingoja swali moja, kwamba mimi je, nataka? Hakuuliza. Si kwa kiburi. Halikumpitia tu kichwani, kama lisivyompitia mtu kuuliza kitanda kama kinataka kulaliwa.

Moroni walimpokea kama mgeni wa serikali. Meli kubwa hutia nanga mbali, abiria huletwa na mashua mpaka bandari ya zamani, na siku ile watu waliingia majini na nguo zao ili wamguse kabla hajakanyaga nchi. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mashabiki wa mtaa wa pili walisimama ukutani wakisema mguu wake mmoja mfupi. Fundi cherehani akawajibu kwamba mfupi ndio unaofungia, mrefu wa kukimbilia nyumbani. Ikatangazwa kwamba atacheza Ijumaa, na baada ya mechi apelekwe kwake kusomewa fatiha. Kwake maana yake kwangu.

Siku zile sikuweza kukaa. Nikianza kupika naacha, nikishika ufagio nausahau mkononi. Mama nilimsikia chumbani akifungua na kufunga sanduku la dhahabu. Mjomba alikuwa amerudi ujana. Watu walimwamkia tena njiani. Vijana wa kamati walimwuliza mechi itaanza saa ngapi, na yeye akawajibu polepole, akiwangojesha kati ya neno na neno. Nilimwona nikafurahi, na nikiisha kufurahi nikakumbuka Ijumaa.

Ijumaa alifunga la kwanza kabla watu hawajakaa vizuri. Nilishangilia. La pili lilikuwa la kichwa, kutoka krosi, na safari hii alimtazama winga. Nilishangilia mpaka sauti ikanikauka, na hapohapo nikaelewa kwamba kila bao linanipigilia msumari mlangoni. Bao la tatu lilipoingia watu wote walisimama. Mimi nilikuwa nimekwishaondoka.

Nilikimbia vichochoroni mpaka nyumbani kwangu, nikaingia, nikakomea ule mlango wa kijani. Baadaye nikasikia ngoma. Wahenga wanasema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Mimi zilininyima hata pumzi. Walikuwa wamembeba mabegani, wanaimba jina la mtaa, wanagonga kwa viganja. Halafu kelele zikapungua, na nikamsikia mjomba peke yake.

"Mwanangu, fungua. Watu wanatazama."

"Mjomba, nyumba ni ya nani?"

Swali lile hakuna mwanamume wa kwetu anayeweza kulikwepa. Redio ilikuwa imefuta mambo mengi, lakini nyumba ya mwanamke haikuifuta.

"Ni yako," akasema.

"Basi sijamkaribisha mtu. Hakuna aliyeniuliza. Si wewe, si yeye. Mngeniuliza!"

Nilikuwa nikilia na nilitaka wasikie kwamba nalia. Kisha nikasikia mjomba akiwaambia watu watawanyike, kwa sauti ndogo sana, na walitawanyika wakinung'unika. Mshambuliaji alilala kwa fundi cherehani, juu ya vitambaa.

Mtaa wa pili hawakuchelewa. Walikuwa na binti, walikuwa na nyumba, na nasikia binti aliulizwa na akakubali kwa furaha. Mungu awabariki, wana wajukuu sasa. Kabla mwezi haujaandama mshambuliaji alikuwa amevaa jezi yao. Kwetu nilitukanwa na kila mtu. Muuza samaki alikataa kuniuzia. Watoto waliuchora mlango wangu kwa mkaa. Mjomba hakunitukana, ila hakusema nami. Alikuwa akipita kwa mama, anakunywa kahawa yake, anaondoka, na macho yake yanapita juu ya kichwa changu.

Tulipokutana na mtaa wa pili nilikwenda uwanjani. Mama alinikataza, nikaenda. Nilikaa mahali pangu pa siku zote, na watu wakasogea, ikabaki nafasi kubwa huku na huku. Mjomba alifika amechelewa. Alisimama akatazama uwanja mzima, kisha akaja kukaa katika ile nafasi, kando yangu, bila salamu.

Mshambuliaji alitufunga karibu na mapumziko. Aliupa mgongo mlango wa goli, akauachia mpira upite katikati ya miguu, akageuka. Hakuna aliyemtazama akishangilia. Watu wetu wote, mstari mmoja baada ya mwingine, waligeuza shingo wakanitazama mimi. Fundi cherehani alifungua kinywa. Nikainamisha uso.

Mjomba akasimama.

"Mnamtazamia nini huyu?" alisema, na sauti ilifika mpaka ng'ambo. "Mlango ni wake, amefunga. Wa kwetu ndio umeachwa wazi. Mtazameni beki!"

Wakageuka wakamtukana beki, maskini, mpaka kipyenga cha mwisho. Mjomba akakaa. Hakunitazama. Nikaweka mkono wangu juu ya goti lake, akauacha.