Majani Mawili na Chipukizi

Jamani, leo nimemwaga chai niliyoikagua mwenyewe.

Ile kazi niliyopata baada ya shule, kukagua majani kwenye kituo cha kampuni, mnaikumbuka?

Asubuhi nilimrudishia Mama Kemunto, mkulima wa hapa, kikapu chake. Kampuni inataka majani mawili na chipukizi tu. Akapiga magoti, akachambua upya mpaka kikawa safi.

Lori la kampuni halikuja. Tena.

Jioni magunia ya chai yalikuwa ya moto kwa kukaa kutwa, majani mekundu, yameharibika. Msimamizi akasema, “Mwaga yote. Kesho ukague vizuri zaidi.”

Vizuri zaidi!

Mama Kemunto alikuwa amesimama pale. “Mwanangu, hebu nionyeshe chipukizi kwenye hiyo takataka.”

Nikaendelea kumwaga. Mnanijua.

Kesho nitapokea kila kikapu bila kutazama.

Ninyi mlioajiriwa kwingine, bado mnatazama?