Pipa la Lance Stobbs

Watu wengi wa kijiji cha Eskerley walikwenda kanisani kumwomba Mungu awalainishe mioyo. Norma Heslop alikwenda kumkumbusha Mungu jina la Lance Stobbs, asije akalisahau. Lance na mkewe walikuwa jirani zake, bustani ya Lance ikitazamana na dirisha la jikoni kwa Norma, uchochoro tu katikati. Kila asubuhi Norma akisuuza vikombe alimwona pale ameinama, na kila asubuhi alimlaani kabla ya chai.

Chanzo cha yote ni liki. Msicheke. Ndiyo, liki, hilo dude la jamii ya kitunguu. Kule Durham, kaskazini mwa Uingereza, mgodi wa makaa ulipofungwa, wanaume walibaki na klabu yao na bustani zao, basi. Liki wanazozilima si za kula. Wanazinenepesha mpaka shina linajaa mikono miwili, kisha mwezi Septemba zinapelekwa klabuni kupimwa mbele ya kijiji kizima, na hapo ndipo mwanaume anajulikana ni nani. Mbegu haiuzwi, inarithiwa. Matty, mume wa Norma, alirithi ya kwake kutoka kwa babake, na babake kutoka kwa babu. Liki za kina Heslop ungezitambua popote, majani yana usamawati na shingo pana.

Huyo Matty alikuwa fundi, lakini mdomo wake, loh! Liki ikipasuka ubavuni haipimwi, inatupwa nje ya mashindano, na mara nyingi inapasuka kwa sababu mwenyewe ameilisha kupita kiasi siku za mwisho. Mwenzake yakimkuta hayo, Matty alimwandama mwaka mzima. "Vipi, umeshona suruali yako?" alikuwa akimuuliza mtu mbele ya wakwe zake, kana kwamba kilichopasuka ni suruali. Klabu nzima ilicheka, aliyeulizwa akatazama bia yake.

Sasa, mwaka mmoja, asubuhi ya kuamkia maonyesho, liki zote za Matty zilikutwa zimekatwakatwa kwa kisu. Haikubaki hata moja nzima. Kijiji kilimjia kama kwenye msiba, wanaume wakamnunulia bia hadi akashindwa kusimama. Tangu hapo hakulima tena, na majira ya baridi moyo ukamsimama akiwa kwenye kiti chake. Daktari alisema ni mishipa. Norma akasema ni kisu.

Kisu cha nani? Hakujua, mpaka kiangazi kilichofuata alipochungulia dirishani akaona bustanini kwa Lance majani yenye usamawati, shingo pana. Kikombe kilimponyoka. Alikwenda klabuni vilevile na aproni yake, akamsimamia Lance kichwani. "Mwizi wee! Umemkatia mume wangu liki zake, umemwibia na mbegu, na bado unakaa hapa unakunywa!" Lance, rafiki wa Matty tangu walipokuwa wote chini mgodini, aliinamisha uso na kusema tu, "Shemeji, nenda nyumbani." Norma aliondoka akiwa ameshaamua kwamba atamwangamiza, ila hakujua kwa njia gani.

Njia aliletewa na Lance mwenyewe. Mwaka uliofuata Lance aliweka pipa karibu na uchochoro, na ndani yake akavundika dawa ya kuzilisha liki zake. Samadi ya kondoo, damu ya machinjioni, bia iliyochacha, na mengine wanayoyajua wenyewe. Julai ilipoingia na joto lake, harufu ilivuka uchochoro ikaingia jikoni, ikakaa kwenye mkate, ikakaa kwenye shuka. Mwingine angelia. Norma alifungua madirisha yote, akavuta pumzi, akatabasamu. Kisha akapiga simu halmashauri.

Bibi afya aliyetumwa aliitwa Gillian Orde, msichana wa mjini mwenye viatu vya mpira na adabu nyingi. Alikaa jikoni akamweleza Norma taratibu. Halmashauri haimzuii mtu kwa sababu jirani hampendi, alisema. Lazima yeye mwenyewe ainuse hiyo harufu humu ndani, tena zaidi ya mara moja, aone ni kali kiasi gani, inadumu muda gani, na kama mtu wa kawaida angeweza kuishi nayo.

"Na jina lako, Bibi Heslop, hatutamtajia."

"Mtajie!" Norma alisema. "Tena mwandikie kwa herufi kubwa."

Siku ya kwanza upepo ulikuwa unatoka upande wa Norma kwenda kwa Lance, hapakunuka kitu. Siku ya pili mvua ilinyesha. "Mwanangu, na wewe una mafua?" Norma alimfokea yule msichana, naye akajibu kwa upole kwamba hawezi kuandika asichokinusa. Siku ya tatu Gillian alikuja bila kusema anakuja. Jua lilikuwa linawaka na upepo hakuna. Alipewa chai, akainua kikombe, akakirudisha mezani, akaufunika mdomo kwa kiganja na kutoka mbio hadi barabarani. Norma alimchungulia kwa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu Matty azikwe.

Hata hivyo bibi afya hakukurupuka. Alikwenda kwanza kuongea na Lance, akamwomba alifunike pipa, au alihamishie mbali na nyumba. Lance akasema dawa ikifunikwa inakufa, na kuhamisha hana pa kupeleka. Kama ungemsikia Norma pale nyuma ya pazia! "Kataa," alikuwa akinong'ona. "Kataa, baba, kataa hivyohivyo." Gillian alirudi tena na tena, majumbani kwa majirani wengine pia, na mwishowe ikatoka amri: harufu ile ni kero kisheria, pipa liondolewe katika muda wa wiki moja, akikaidi atapelekwa mahakamani. Maonyesho yalikuwa yamekaribia. Liki bila dawa wakati huo ni bondia kunyimwa chakula.

"Umeipata barua yako, Lance?" Norma alimpigia kelele kutoka mlangoni. "Isome vizuri, usije ukasema hujui kusoma!"

Na hapa ndipo Lance alipofanya kosa ambalo mtu wa bara lingine hawezi kulielewa. Angeweza kumpa dawa yake mkulima yeyote mwenye trekta. Lakini mtu wa liki ampe mwingine siri ya pipa lake? Aimwage mtaroni? Bora afe. Siku ya mwisho ya amri alichukua ndoo, akaimwaga dawa yote, ndoo baada ya ndoo, kwenye mashina ya liki zake, pipa likabaki tupu na sheria ikatimizwa. Siku mbili baadaye ikaja mvua ya nguvu. Liki zikanywa, zikavimba, zikapasuka kuanzia shingoni mpaka chini, zote.

Norma aliziona kutoka jikoni, akacheka mwenyewe, akacheka tena. Alikuwa bado anacheka Lance alipobisha mlango akiwa na liki moja mkononi, imechanika, maji yanachuruzika sakafuni.

"Umekuja kulia?" Norma alimuuliza. "Lia. Matty hakupata nafasi."

"Shemeji, zilikuwa za Matty hizi."

"Najua ni za Matty! Wewe ndiye uliyezikata ukaiba!"

"Matty alizikata mwenyewe." Lance aliiweka liki juu ya meza. "Nilimkuta kwenye bustani yake kunapambazuka, ana kisu. Zilikuwa zimepasuka kama hivi. Alizilisha mno, tamaa ya kikombe cha ushindi. Akaniambia, Lance, watanicheka mpaka kaburini, bora waseme nimefanyiwa. Akaniapisha. Akanipa miche ya mbegu yake niiweke mpaka kelele ziishe. Akafa kabla hazijaisha."

Norma alitaka kumwita mwongo. Akakumbuka Matty siku ile, jinsi alivyokunywa bia za watu na asimlaani mtu hata mmoja, yeye mwenye mdomo ule. Wakati ule alidhani ni majonzi. Akavuta kiti, akakaa.

"Ungeniambia."

"Niliapa. Na nilikuwa nangoja utulie, nikurudishie."

"Basi nirudishie! Kuna iliyobaki? Hata moja ya mbegu?"

"Hata za mbegu zilikuwa shamba hilohilo, shemeji, zote zimepasuka, zitaoza. Amri ilisema wiki moja." Lance alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma Norma zaidi. Alitamani amtukane.

"Toka," alimwambia. "Toka, nisije nikakupiga na hilo dude."

Jumapili alipita kanisa bila kuingia, akaenda moja kwa moja makaburini, akasimama juu ya Matty, mikono kiunoni. Watu waliokuwa wakipalilia makaburi ya jamaa zao walimsikia.

"Mpumbavu we! Mwaka mzima na zaidi namchukia mtu wa watu kwa ajili yako! Naamka naye, nalala naye! Nimemletea serikali, nimemaliza mbegu ya babako kwa mikono yangu, na wewe umejilalia hapa kimya! Hukuweza kuniambia mimi, mkeo? Mimi ningekufanya nini?"

Lakini alijua angemfanya nini. Angecheka. Angecheka mpaka machozi yamtoke, kisha angevuka uchochoro kwenda kumsimulia mke wa Lance, na kabla ya chai ya jioni kijiji kizima kingekuwa kinamuuliza Matty kama ameshona suruali yake.