Lebo ya Nne

Kwa miaka ishirini na sita Mama Lebo, kama walivyomwita kazini kwenye makumbusho, aliandika majina kwenye chupa za minyoo wa baharini, wale wenye vinyweleo vigumu ubavuni. Chupa moja, yenye minyoo wawili, alishaipa majina matatu tofauti, maana kila bingwa wa minyoo alikuja na lake. Wiki ya kustaafu kwake, mtaalamu mpya aliwatazama kwa hadubini, akahesabu vinyweleo.

“Mama, hawa ni aina mbili. Mmoja tumrudishie jina la kwanza. Mwingine hana jina bado.”

“Yupi ni yupi, mwanangu?”

“Hapo ndipo nami sielewi. Aliyetoa jina la kwanza hakuandika idadi ya vinyweleo.”

Mama Lebo alichukua kalamu na lebo mpya. Akaandika tarehe na ufuo walikookotwa tu, bila jina, akabandika, akaenda zake.