Pumzi ya Tabea

Hedhi ya Tabea ilikoma mwaka 1955, alipokuwa na miaka arobaini na tisa kwa mujibu wa cheti chake cha ubatizo. Hakumwambia mtu, hata mumewe Lukas, mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache. Kijijini kwao, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Makambako kwa njia ya Njombe, wanawake hawakusimuliana mambo hayo. Mwanamke akikoma, wenzake walijua tu kwa kuwa hafui tena nguo fulani mtoni.

Alikuwa mwanamke wa kazi. Alibeba tenga la viazi kichwani hadi gulio la Makambako bila kutua njiani. Watu walimsifu kwa hilo, naye alipenda kusifiwa. Si dhambi kubwa, lakini ilimponza.

Mwaka 1957, katika miezi ya baridi, mafua makali yaliyokuwa yakienea nchini yalifika huku kwetu milimani. Nyumba nzima nzima zililala. Tabea aliwapikia majirani uji wa ulezi mpaka naye akaanguka. Homa ilimchoma siku nne. Siku ya tano alichukua jembe, akashuka kwenye vinyungu, bustani za bondeni ambazo watu hulima wakati wa kiangazi. Esteria, jirani yake aliyemzidi umri, alimkuta huko.

"Umepona?"

"Nimechoka kulala."

"Hujui kuugua wewe. Mimi nimelala mpaka mke wa mwanangu amejifunza kupika."

Tabea alicheka, lakini kicheko kikakatika katikati. Pumzi ilikuwa imekwisha. Aliegemea mpini wa jembe mpaka ikarudi.

Wiki zilizofuata pumzi ilizidi kuwa fupi. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu. Alipomweleza Esteria, jibu lilikuwa tayari.

"Ni umri huo, mwenzangu. Damu ikikosa njia ya kutoka inapanda kifuani. Mimi nilitoka jasho mwaka mzima, moyo unaruka kama panya ndani ya debe. Itashuka."

Esteria hakusema uongo. Wanawake wengi wanaokoma hutoka jasho, na moyo hubadilisha mwendo. Ndiyo maana kosa hili lilikuwa jepesi kufanyika. Ila miguu ya Esteria haikuwahi kuvimba, na ya Tabea ilianza kuvimba mwezi wa Septemba. Aliificha kwa kuteremsha nguo yake hadi chini. Hapo namlaumu. Kunyamaza asipoulizwa ni jambo moja, kuficha ugonjwa ni jambo jingine.

Aliyeiona miguu hiyo ni binti yake Hulda, aliyeolewa Makambako. Alikuja kumtazama, akamkuta amesinzia mchana, ameketi, mgongo ukutani. Hulda aliibonyeza miguu kwa kidole, na shimo likabaki.

"Unalalaje, Mama?"

"Nalala."

"Nauliza unalalaje."

"Nakaa hivi hivi. Nikilala chali nahisi nazama."

Mume wa Hulda, Hezekia, alikuwa dresa, msaidizi wa tabibu, katika zahanati. Makambako nzima ni yeye tu aliyekuwa na mpira wa kusikilizia kifua, na ndiye mwanamume pekee ambaye Tabea hangeweza kumwonyesha kifua. Kwa Wabena, watu wa huku, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Tangu posa ilipopokelewa, wawili hao wakikutana njiani, mmoja aliingia majanini hadi mwenzake apite. Walisalimiana kwa kupitia watu. Desturi hiyo siidharau. Imezuia maneno mengi ya aibu katika nyumba nyingi.

Hulda alirudi akamweleza mumewe. Hezekia aliuliza maswali matatu tu. Kesho yake asubuhi alifika na Hulda kwa wakwe zake, mfuko wa kazi mkononi. Hulda aliingia ndani, naye akasimama uani mbali na mlango. Lukas alimpokea kwa salamu ya Kibena.

"Kamwene, mwanangu. Mpe Hulda dawa, atampa mama yake."

"Dawa ya nini, Baba? Sijamsikiliza."

"Umsikilize kifua? Mama mkwe wako?"

"Kifua ndicho kinachoumwa, Baba."

"Basi aende Njombe kwa daktari."

"Ataenda. Lori linapita keshokutwa. Lakini lazima nijue kama ataweza kutembea hadi barabarani au abebwe kwa machela. Moyo ukiwa umechoka kama ninavyodhani, kilima hiki kimoja kinaweza kummaliza."

Lukas alitazama chini. "Watu watasemaje?"

Mzee huyu alikuwa amewakemea vijana wa kijiji kizima kwa ajili ya ulanzi, pombe ya mianzi, bila kujali watu watasemaje. Sasa uhai wa mkewe ulikuwa mlangoni, naye akawaogopa watu hao hao.

Tabea alikuwa amesikia yote kupitia dirisha.

"Hulda," aliita, akavuta pumzi, kisha akaendelea. "Mwambie huyo bwana aingie. Yeye atazame mlango, mimi nitatazama ukuta."

"Mama, na Baba je?"

"Baba yako hapumui kwa kifua hiki."

Wakawekewa vigoda viwili, wakakaa wamepeana migongo. Mpira haukuwa mrefu, kwa hiyo migongo yao ilikaribia kugusana, na kila mmoja alijikunja mbele ili isiguse. Hezekia aliweka ncha mbili masikioni, na Hulda akaipitisha ncha ya tatu chini ya shuka ya mama yake.

"Mwambie mama ausogeze mpira kidogo kushoto."

"Mwambie nimesikia," alisema Tabea.

"Mwambie avute pumzi."

"Mwambie ndiyo hiyo ninayoitafuta."

Hulda alicheka kwa pua. Hezekia hakucheka. Alisikiliza kwa muda mrefu, akamwelekeza mkewe chini kidogo, kisha mgongoni. Halafu akauondoa mpira masikioni, na sauti yake ikashuka.

"Kuna jambo daktari atataka aandikiwe. Mwulize mama kama hedhi yake bado inakuja."

Hulda hakuuliza. Hakuna binti aliyefundishwa kumwuliza mama yake hivyo, tena mbele ya mwanamume huyo. Tabea angeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikunja mikono juu ya magoti.

"Mwambie ilikoma miaka miwili iliyopita. Jasho lilianza hapo. Lakini pumzi hii ilianza baada ya mafua, si kabla. Mwambie asizichanganye."

Uani, Lukas alisikia jambo la mkewe kwa mara ya kwanza pamoja na mkwe wake.

Hezekia aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, katika barua ya daktari. Siku ya lori wanaume wanne walimbeba Tabea kwa machela hadi barabarani, na Lukas alishika mti wa mbele. Hospitalini Njombe daktari aliisoma barua mara mbili. Alimweleza Tabea, mwuguzi Kristina akifasiri, kwamba mafua yalikuwa yameuchosha msuli wa moyo. Tena, alisema, mwanamke aliyekoma hedhi huonekana kupoteza kinga fulani ya moyo aliyokuwa nayo ujanani. Kwa nini iwe hivyo, madaktari wenyewe bado walikuwa wakitafuta. Kwa hiyo mwanamke wa umri huo akiugua mafua makali asikimbilie jembe, na pumzi ikimpungua asiseme ni uzee.

"Ungekaa hivyo mpaka mvua zianze, tusingekuwa tunazungumza," Kristina alimwambia.

Alilazwa wiki tano, akipewa vidonge na maji kwa kipimo. Miguu ilirudi kama zamani. Akaruhusiwa kwa sharti kwamba hatabeba kitu kichwani wala kulima mwaka mzima, na kwamba Hezekia atamsikiliza moyo kila mwezi. Lukas alipendekeza watu waambiwe kwamba wiki hizo alikuwa akipumzika kwa ndugu zake huko Kidugala. Tabea alikataa kwa neno moja.

Mwezi wa Novemba, siku ya kwanza ya kupanda mahindi, alikuwa ameketi mlangoni wanawake walipopita na majembe. Esteria alisimama.

"Siku hizi umekuwa bibi wa kukaa?"

"Moyo wangu unaumwa," alisema Tabea, na hakupunguza sauti. "Mafua yaliuharibu, tena nilikuwa nimekwisha koma hedhi. Nimekatazwa jembe."

Wanawake wawili vijana walitazama pembeni. Esteria aliteremsha jembe begani.

"Nami nilikwambia itashuka."

"Uliniambia ulichokijua."

Esteria aliwaacha wenzake waende. Alikaa karibu na Tabea, akafikiri, kisha akamwuliza ni nani wengine kijijini waliokwisha koma na walioshikwa na mafua yale. Mwanzoni walitaja majina kwa kunong'ona, halafu kwa sauti ya kawaida. Walipofika kwa mtu wa saba, Esteria alisimama aende kumtazama miguu.