Vipande vya Gauni la Mama

Wiki iliyopita, hapa Mbeya, binti yangu alilijaribu gauni la harusi la marehemu mama yangu, zipu ikagoma katikati ya mgongo. Fundi, kijana mwenye futi shingoni, akaligeuza nje ndani na kupitisha kidole kwenye mishono ya ubavuni. "Mama, hapa hamna cha kufumua," aliniambia. "Walishakata. Ningepata vidole viwili tu kila upande, lingemkaa." Binti yangu alitamani sana kuolewa amevaa gauni la bibi ambaye hakuwahi kumwona. Alijikaza asilie mbele ya fundi, nami nikaondoka pale nikiwa na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka.

Rafiki yangu, gauni hilo halikuwa la mtu mmoja. Kule Iringa nilikokulia, kila msichana wa ukoo na wa jumuiya yetu aliyepata mchumba alikuja kuliazima, na mama hakumnyima yeyote. Sharti lilikuwa moja, lipite kwanza kwa jirani yetu tuliyemwita Mama Fundi. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani, na msimu wa baridi pale palinukia pasi ya mkaa na viazi vya kuchemsha. Kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano na kuokota pini zilizodondoka.

Mama Fundi hakuruhusu mkasi uliguse gauni lile. Akija bibi harusi mwembamba, alikunja kitambaa kwa ndani na kushona. Akija mnene, alifumua taratibu kwa wembe. Kila bibi harusi alimshonea kwa uzi wa rangi yake, mmoja buluu, mwingine kijani, mwingine waridi. "Ili anayekuja nyuma yake aone pa kufumulia," alikuwa akisema. Mimi niliweza kuligeuza gauni na kukutajia waliolivaa kabla sijajua kusoma vizuri.

Mama alifariki nikiwa darasa la pili, na gauni likabaki kwa shangazi. Mwaka uliofuata dada yangu alipata mchumba. Shangazi alikuwa amefundishwa maarifa ya nyumbani na masista, na hakupenda kusikia kwamba mambo yetu yanapitia kwa jirani. Mama Fundi alipobisha hodi kulifuata gauni, hata kiti hakupewa.

"Kamwene," alisalimia.

"Kamwene, Mama Fundi. Safari hii pumzika. Ubavu tu huo, mikono ninayo."

"Sawa. Ila msikate."

Shangazi alikata. Alisema kitambaa kikirundikana ndani gauni litavimba na picha zitaharibika. Siku ya harusi dada alipendeza kweli, sikatai, na kina mama wakamsifia shangazi hadi akawa anaona aibu ya furaha. Mama Fundi alifika kumpa dada mkono, akamgusa ubavuni, kisha akarudi kwake bila kula pilau. Baada ya hapo wasichana wawili walikuja kuliazima, likawabana, na hakuna mwingine aliyekuja. Mimi niliolewa na gauni la kukodi lililonuka jasho la mtu nisiyemjua. Nilijifanya sijali, kumbe nilichukia kiasi kwamba picha za harusi yangu sijawahi kuzitundika.

Kwa hiyo jana nilimpigia simu shangazi. Sasa ni mzee, haoni vizuri, lakini sikumwonea huruma. Nilimwambia alimkata mama yangu kwa mkasi kwa sababu ya majivuno yake. 

"Mwanangu, nilikosea," alisema. "Lakini vipande havikutupwa. Si uliviomba wewe?"

Ni kweli, niliviomba. Nilikuwa nimekaa chini ya meza vilipoanguka, virefu na vyeupe, nikapiga makofi. Nilikuwa na mwanasesere wa gunzi la mahindi, nikamvika kimoja kikawa gauni, na vingine vikawa shela inayoburuta hadi mlangoni. Sikuwahi kuwa na kitu kizuri kama kile.

Siku ya pili ya harusi Mama Fundi aliniita barazani kwake. Alinipa kiazi cha moto, akaniuliza kwa upole kama najua vipande viliwekwa wapi, maana angeweza kuvirudishia. Mwanasesere wangu nilikuwa nimemficha mgongoni, ndani ya sweta. Nilimjibu kwamba vilichomwa.

Aliniamini, akarudi kwenye cherehani yake. Juma halikuisha, mtu akachota magunzi ya kuwashia moto jikoni, na langu likiwemo, na gauni lake na shela yake.