Bunduki Aliyoichagua Marwa

Siku hiyo ilianza kwa kupura ulezi uani kwa mama yake Marwa, kwenye vilima vya juu ya Tarime. Marwa alikuwa anaimba ovyo, na mama yake anatishia kumnyima togwa. Tulicheka sana asubuhi ile.

Miaka ile ya hamsini wezi wa ng'ombe walikuwa wameanza kuja na bunduki badala ya mishale tu. Walishaua watu katika vijiji vya jirani. Serikali ikakubali kutugawia sisi walinzi wa mazizi bunduki chache, na mchana tukashuka kwenda kuzichagua.

Aliyetusimamia alikuwa askari mstaafu wa vita vya Burma, mzee mfupi na mkali. Alitundika debe jeupe ng'ambo ya bonde, mbali kiasi kwamba ng'ombe waliopita karibu nalo walionekana kama mbuzi.

"Msichague kwa macho," alisema baada ya kuitikia shikamoo zetu. "Lala chini, piga tatu. Zikikaa pamoja, hiyo ni bunduki. Zikitawanyika, hata ing'ae namna gani, hiyo ni fimbo."

Nililala, nikaegemeza mtutu juu ya gunia la mchanga, nikazijaribu zote. Zile fupi, mpya, zilitawanya risasi. Moja ndefu na nzito, kitako kimechubuka, iliweka zote tatu mahali ambapo kiganja kingepafunika. Niliitamani kuliko nilivyowahi kutamani ng'ombe.

Lakini mimi na Marwa tulitahiriwa asubuhi moja, na kisu kilianzia kwake. Kwetu, aliyetangulia kwenye kisu hutangulia katika nyama, katika pombe, katika kila kinachogawiwa. Mimi nilikuwa wa pili wake.

"Ipi nzuri, Mwita?" aliniuliza.

"Hii."

"Basi ilete, mdogo wangu." Akacheka, maana umri wetu ulikuwa mmoja.

Nikachukua fupi mojawapo. Nilinuna mpaka nyumbani.

Mwenye bunduki ya kupiga mbali alipangiwa mwamba wa juu, peke yake, alinde bonde lote. Sisi wengine tulibaki zizini.

Wezi walikuja alfajiri, pamoja na ukungu.

Bonde halikuonekana kabisa.

Nikamsikia Marwa akiita jina langu, mara moja tu. Nikakimbia.

Walikuwa wamemzunguka kwa nyuma, vichakani. Nilifyatua ile fupi bila hata kulenga, wakatawanyika.

Marwa alikuwa ameshachomwa mkuki. Mtutu mrefu ulikuwa umenasa kwenye matawi alipojaribu kuugeuza. Alinishika mkono, akafa.

Mzee wa Burma alipoifungua bunduki ile, risasi zote zilikuwemo. Alikaa chini kwenye majani yenye umande.

"Niliwafundisha kupiga debe," alisema.

Sikuweza kumlaumu. Tulichagua kwa uangalifu, na bunduki ilikuwa nzuri kweli. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu sijui tungefanya nini tofauti.

Tuliotahiriwa msimu ule bado hukutana tukichinja. Nyama ya kwanza sasa huletwa kwangu. Naipokea, maana ndiyo desturi, lakini kila mara nakumbuka nilivyonuna siku ile kwa kuwa wa pili. Laiti ningebaki wa pili mpaka uzee huu.