Mama Kadi na Kelele za Jukwaani

Dakika za lala salama. Mshambuliaji wa wenyeji anaanguka ndani ya boksi, na uwanja mzima unainuka: "Penalti! Penalti!" Mwamuzi, mwanamke mwembamba ambaye mashabiki humwita Mama Kadi, ameganda. Filimbi iko mkononi, si mdomoni.

Siku za kawaida yeye ni dobi. Hupiga pasi mashati ya watu kibarazani kwake, na mwisho wa wiki huchezesha ligi. Leo ndiyo leo. Mwezi uliopita, kwenye uwanja huuhuu, aliwapa wenyeji penalti iliyowatoa wageni kwenye mbio za ubingwa. Kesho yake akaitazama video kwenye simu bila sauti, maana mtoto alikuwa amelala. Lo! Hakuna aliyemgusa mwenzake.

"Niliirudisha nyuma mara tatu," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Uwanjani ningeapa nimeuona mguu. Kumbe nilisikia tu, macho yakafuata masikio."

Kamati ya waamuzi ikampa mechi moja ya mwisho, hii ya leo: akivurunda, ligi basi. Mwenyekiti akamwambia kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala.

"Huyo mwenye nyumba hajawahi kuchezesha hapa," anajibu Mama Kadi, na hacheki.

Mumewe, fundi baiskeli, akageuka mwalimu. Akawa anamwekea mechi za zamani kwenye runinga, mara kwa sauti, mara kimyakimya. "Rafu ileile! Pakiwa kimya anasema cheza, nikifungulia sauti anaonyesha penalti," anasimulia. "Nilicheka, halafu nikaogopa."

Kwenye mechi moja ya kirafiki mkewe aliziba masikio kwa pamba. Balaa! Mshika kibendera alimwita mpaka koo likamkauka, huku beki kalala chini na mpira unaendelea. Hata wachezaji wa akiba walimcheka. Ndipo akaamua kushika filimbi mkononi, ili mpaka ifike mdomoni awe amepata kufikiri.

Leo mkono haupandi. "Cheza!" anapaza sauti. Chupa zinarushwa, na matusi, usiseme. Mechi inaisha sare, naye anatolewa uwanjani katikati ya walinzi.

Chumba cha waamuzi ni kidogo, na mlango unapigwa mateke kutoka nje. Simu yake inaita. Ni mumewe, ameliona tukio likirudiwa kwenye runinga. "Hakuguswa, mama watoto! Umewaweza!" Mkaguzi wa waamuzi naye anampa mkono na kumwambia asiwe na wasiwasi, ripoti itakuwa nzuri.

Mama Kadi anashukuru kwa sauti ya chini. Mkaguzi anapotoka, anakaa kwenye benchi na kuanza kufungua kamba za viatu. 

"Beki alinizibia, ndugu mwandishi. Sikuona kitu. Nilisikia wanavyopiga kelele, nikawabishia tu."

Anaulizwa kama hilo liandikwe.

"Andika. Halafu andika naomba wanipangie tena hapahapa. Sijaamua mechi hata moja kwenye uwanja huu. Wameamua wao, zote mbili."